Kitanda cha Mama Ndani ya Gari la Mkate

Ukitaka kujua kama gari lako la kulala limesimama sawa, usilitazame gari. Weka sufuria ya maji sakafuni, uyatazame maji. Yakiegemea upande mmoja, na wewe utaegemea huko huko hadi asubuhi. Sisi hatukujua. Safari yetu ya kwanza tuliegesha ufuoni upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukitazama ng'ambo unakiona kisiwa cha Takawiri, tukaamka mimi nimebanwa ukutani, mume wangu kanilalia, na godoro limetulalia sote wawili. Tangu siku hiyo hatutoki Migori bila vipande vinne vya mbao vya kuweka chini ya tairi, na sufuria.

Gari lenyewe lilikuwa la mkate. Mume wangu aliliendesha miaka mingi akisambaza mikate kutoka Migori hadi Homa Bay, na mwenye kiwanda alipoleta magari mapya, hili kuukuu akamwachia yeye. Harufu haikutoka. Tumelisugua kwa sabuni, kwa siki, hata kwa majivu, lakini jua likipiga bati gari zima linanukia mkate uliotoka kuokwa sasa hivi, na tukipita vijijini watoto wanatufuata kwa matumaini.

"Miaka yote hiyo napita ziwa," aliniambia siku alipoanza kung'oa rafu za mikate, "na sijawahi kukaa kando yake hata nusu saa. Mkate haungoji."

Kwa hiyo alijitengenezea kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Alikipiga msasa wiki nzima, akaweka jiko la gesi la mafiga mawili na sinki dogo lenye pampu ya kukanyaga kwa mguu. Sinki hilo alilipenda kuliko anavyopenda baadhi ya ndugu zake. Mgeni akija nyumbani, kabla hajapewa chai anapelekwa nje kuonyeshwa maji yakitoka. Majirani waliliita gari ot mawuotho, nyumba inayotembea, nami nikacheka pamoja nao.

Tulijifunza mengi kwa kuumia. Ufuoni, ukiona nyasi zimekatwa fupi na safi, usifurahi ukadhani ni kazi ya kaunti. Aliyezikata ni kiboko, na akirudi hatapenda kukuta umeegesha kwenye sahani yake. Wadudu wa ziwani wakianza kuinuka kama moshi, zima taa zote na ufunge mlango, la sivyo utawala pamoja na ugali. Huko Macalder usiegeshe mahali usipopakagua kwa miguu, maana wachimba dhahabu wameacha mashimo ambayo nyasi zimeyafunika, na ikinyesha udongo mweusi wa huko unashika tairi kana kwamba unalidai. Jiko la makaa liwashie nje, lipulizie nje, na hata likishakufa liache nje. Na popote unapofika, kabla hujazima injini, tafuta mwenye mahali umsalimie. Nimeshamwona mtu akisukumiwa gari lake hadi barabarani kwa sababu ya salamu tu.

Haya yote niliyajua kwa ncha ya ulimi. Lile ambalo nilipaswa kulijua kuliko yote, nililolelewa nalo, ndilo nililolisahau.

Mama yangu anaishi upande wa Homa Bay, kwenye boma aliloolewa. Alivunjika nyonga miaka kadhaa iliyopita, ikaunga vibaya. Anatembea kwa mkongojo kutoka nyumbani hadi jikoni na kurudi, lakini kukaa kitako hawezi. Nusu saa tu, uso unabadilika. Gari la abiria ni jambo ambalo hata hatulizungumzii. Ana mdogo wake mmoja tu aliyebaki kati ya watoto tisa, mama yangu mdogo, aliyeolewa mbali, karibu na Ogwedhi, kule Uriri inakopakana na Narok. Tangu nyonga ivunjike walikuwa wanaonana kwa simu, yaani hawaonani. Kila Jumapili baada ya kanisa walipigiana, wakabishana kuhusu bei ya mahindi na nani aliyepoteza ng'ombe wa baba yao mwaka ule.

Halafu Jumapili moja, mimi nikiwa kwa mama, mama mdogo hakubisha. Alikubali kila kitu alichoambiwa. Mama aliiweka simu chini akaniambia, "Huyo anakufa. Katika maisha yake hajawahi kukubaliana nami." Nilipompigia binamu yangu alithibitisha: ini, na madaktari walikuwa wamesema arudishwe nyumbani apumzike. Mama hakulia. Alisema tu kwamba alitaka kumwona kwa macho kabla hajaenda, na kwamba alijua haiwezekani.

Haiwezekani! Mimi nina gari lenye kitanda, mama yangu anahitaji safari ya kulala, na mtu ananiambia haiwezekani? Jumamosi iliyofuata tulifika bomani na ot mawuotho likiwa limeoshwa hadi linameta. Nilimshika mama mkono, nikampandisha kwa ngazi ile fupi, pole pole, hatua tatu. Akasimama ndani akivuta pumzi, akasema linanuka vizuri. Nami, kwa furaha ya kijinga, nikapiga godoro kwa kiganja na kusema, "Ndiyo hapa, Mama. Hapa ndipo tunapolala sisi, na ni laini, jaribu mwenyewe."

Mama alikitazama kitanda. Kisha akanitazama mimi, jinsi alivyokuwa akinitazama nilipovunja chungu. Akageuka, akaanza kushuka.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Yeye halali nyumbani kwa mkwe, mkwe halali bomani kwake, na kuhusu kitanda hata hakuna mjadala. Mama mzazi hajilazi pale ambapo binti yake analala na mumewe. Kufanya hivyo ni kuita chira, ugonjwa ule wa kukonda na kukauka unaoipata familia iliyovuka mpaka, na mama yangu, pamoja na ushirika wake wote wa kanisani, hana mchezo na chira. Nilikuwa najua. Lakini kichwani mwangu kile kilikuwa chombo cha safari. Ni mimi niliyekifanya chumba cha kulala, kwa mdomo wangu, na kwa kiganja.

"Tutabadilisha shuka," nilisema.

"Shuka si kitanda, nyara," alijibu. Nyara ni binti yangu, na akiniita hivyo taratibu ujue ameshaamua.

"Tununue godoro jipya?"

"Na mbao je?"

Nilifura. Nilimwambia kwamba mdogo wake anakufa na yeye anahesabu mbao. Nilisema maneno mengine pia, ambayo nayaonea haya hadi leo. Alinisikiliza yote akiwa amesimama na mkongojo wake, na nilipomaliza akasema, "Nikienda kwake nikiwa nimevunja mwiko, nitakuwa nimempelekea nini?" Akaingia ndani kwake.

Muda wote huo mume wangu alikuwa upande wa pili wa gari akijifanya anakagua tairi. Huwa hasemi mengi mbele ya mama yangu, na si kwa uoga, ni adabu. Hakunilaumu wala hakunituliza. Tuliporudi Migori jioni ile alichukua spana akapanda nyuma, nami nikasikia bolti zikilegea moja baada ya nyingine. Nilipotoka kutazama, kile kitanda alichokipiga msasa wiki nzima kilikuwa kimeegemezwa kwenye ua vipande vipande.

"Tutakibeba chake," alisema.

Sikuelewa.

"Kitanda chake mwenyewe, cha nyumbani kwake. Tukiweke humu. Basi atakuwa amelala kwake."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi na bado kuna siku ananishangaza hadi napungukiwa na maneno, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Tulirudi kwa mama kupima. Yeye alikubali kwa kutikisa kichwa mara moja tu, kisha akauliza kama miguu ya kitanda itakatwa. Tukasema la. Sasa kupima kwenyewe: mkwe haingii chumba cha mama mkwe, kwa hiyo nilipewa futi ya chuma nikaingia mimi, naye akasimama nje, mgongo kwa mlango, akipaza sauti kuniuliza vipimo. Nilimwambia futi sita. Kumbe sikuhesabu ule ubao wa kichwani, na siku ya kukipakia, binamu zangu wakiwa wamekibeba jasho likiwatiririka, kitanda kiligoma. Kilizidi kwa upana wa kiganja, na kilichokizuia ni sinki.

Mume wangu alilitazama sinki. Alilikanyagia pampu mara ya mwisho, maji yakatoka, akaenda kuchukua bisibisi. Ukinisikia nikishauri watu kwamba wapime mara mbili kabla ya kutengeneza chochote ndani ya gari, ujue ushauri huo umetoka wapi.

Kitanda kilipokaa na kufungwa kwa bolti na mikanda, alishuka, akafunga mlango wa nyuma, na tangu dakika ile hakuweka tena mguu mle. Lilikuwa limekuwa nyumba ya mama. Bahati nzuri gari la mkate lina ukuta wa bati kati ya dereva na mzigo, wenye kidirisha kidogo cha kuteleza. Niliweka pazia hapo. Mswaki wa mume wangu ulisahaulika ndani, nikatumwa kuuleta.

Tuliondoka asubuhi. Ukimsafirisha mgonjwa akiwa amelala, mlaze miguu ikitazama mbele, ili breki zikikanyagwa ghafla asigonge kichwa. Mzungushie mito, hasa upande wa nje. Simameni kila baada ya muda mfupi hata kama hajalalamika, maana wazee hulalamika baada ya kuumia. Na mtu mmoja akae naye nyuma. Huyo nilikuwa mimi, sakafuni kwenye kigoda, nikipokea na kupeleka ujumbe.

"Mwambie baba wa watoto apunguze mwendo kwenye matuta," mama angesema.

"Nimesikia," sauti ingejibu kutoka ng'ambo ya bati. "Mwambie mama samahani."

"Mwambie hakuna neno."

Walisikiana vizuri kabisa, kila mmoja neno kwa neno, lakini mpaka Rongo kila jambo lilipitia kwangu. Nilikuwa redio.

Kwa mwendo ule hatungefika siku hiyo. Tuliomba kulala kwenye uwanja wa kanisa moja karibu na Rongo, ambapo mlinzi alilizunguka gari mara mbili kabla ya kufungua geti.

"Sasa hii ni gari ama ni nyumba?" aliuliza.

"Ni nyumba ya mama yangu," nilisema.

"Na mzee ako na hema?"

"Yeye ni mkwe."

"Aah!" Mlinzi akacheka, akaelewa yote. "Basi wacha nimwonyeshe mahali poa."

Mahali poa palikuwa pale nyasi zilipokuwa za kijani kuliko kwingine. Hema usilisimike penye nyasi za kijani kuliko kwingine, kwa sababu ndipo maji yanapopita. Tulikuwa hata hatujamaliza kula mvua ilipoanza, na mume wangu alitoka hemani akiwa amebeba blanketi linalotiririka, akaingia kwenye kiti cha dereva, magoti yakigusa usukani. Akaanza kupiga chafya. Nyuma yake, kwa umbali wa bati moja, palikuwa na nafasi kavu ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, na wala hakugeuza kichwa.

Mama alizihesabu chafya zile. Ilipofika ya saba alijivua shali yake ya sufu, ile ya kuendea kanisani, akainyosha kwangu. Halafu akabadili nia. Alijiinua kwa kiwiko, akauma meno kwa maumivu, akasukuma pazia na kuipitisha shali kidirishani kwa mkono wake mwenyewe, uso akiwa ameugeuzia kwangu.

"Jifunike," alisema. Neno hilo halikupitia redio.

"Asante, Mama," akasema mume wangu kutoka ng'ambo ya bati.

Kesho yake tulifika Ogwedhi siku ya soko la mifugo. Hilo ni kosa langu jingine. Uliza siku ya soko kabla hujapanga safari, kwa maana barabara siku hiyo ni ya ng'ombe. Walitupita huku na huku wakijisugua kwenye mabati, gari likiyumba, mama akishikilia mbao za kitanda. Kijana mmoja mwenye fimbo alinipigia kelele nilipochungulia mlangoni, "Madam, songesha hii gari, ng'ombe zinataka kupita!" Nikamjibu nami pia nataka kupita, na nina mgonjwa. Tulikaa pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Niliogopa kwamba tumekuja mbali hivyo, tumeng'oa kitanda na sinki, halafu tunachelewa kwa sababu ya ndama.

Hatukuchelewa. Lakini njia ya kuingia bomani kwa mama mdogo ni ya mawe, na mama alipojaribu kushuka nyonga ilikataa. Naye mama mdogo alikuwa haketi wala hasimami. Ndugu wawili, hatua arobaini kati yao, na hakuna wa kumfikia mwenzake. Ni mama mdogo aliyeutatua mzozo, kwa ukali wake wa zamani. Alisema wanawe wana mikono ya kazi gani. Basi wakamweka kwenye kiti, wakambeba hadi kwenye gari, wakampandisha.

Alikuwa amekonda sana. Mama alimtazama, akafungua mdomo, lakini mdogo wake akamwahi.

"Mbona nyumba yako inanuka mkate?"

"Mbona umechelewa kunikaribisha?"

"Sogea. Mimi ni ukutani."

Mama akasogea. Ndivyo walivyolala utotoni, aliniambia baadaye. Mdogo ukutani, yeye upande wa nje, ili mdogo asianguke. Niliwafunika, nikashuka, nikafunga mlango, na hapo ndipo nilipolia. Mume wangu alinipa ile shali ya kanisani nijifute, nami nikaikataa, nikajifuta kwa leso yangu.

Walikaa mle siku tatu. Sisi tulisimika hema nje ya ua, maana hata huko yeye ni mkwe, penye nyasi kavu safari hii. Tulisikia wakicheka. Tuliwasikia wakibishana kuhusu ng'ombe wa baba yao, na siku ya pili mama mdogo akashinda kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mama alimwachia. Siku tulipoondoka hawakuagana kwa maneno mengi. Wanawe walimbeba kwa kiti kama walivyomleta.

Alifariki wiki chache baadaye. Mama alikwenda mazishini kwa gari lile lile, juu ya kitanda kile kile. Tuliporudi mume wangu alichukua spana, akamtuma redio aulize kama tukirudishe chumbani kwake sasa. Mama alisema chumbani ameshapata kingine kidogo kinachomtosha, hiki kikae kilipo. Maana yake ni kwamba sisi hatutalala tena ndani ya gari letu, na mume wangu alilielewa hilo kabla yangu. Aliirudisha spana mahali pake. Sinki liko kwenye ua wetu, kuku wanakunywa humo. Kwa hiyo ukikutana nasi kando ya ziwa utaona gari zuri la kulala, na pembeni yake hema dogo lenye watu wazima wawili ndani, na usituonee huruma. Mume wangu huketi mlangoni mwa hema akilitazama ziwa hata saa nzima.

Juzi tulimchukua mama kumpeleka kliniki. Nilipopanda kumpa chai kabla hatujaondoka nilimkuta amejilaza pembeni kabisa mwa kitanda, nyonga ile mbovu karibu iko hewani.

"Mama, ingia ndani kidogo," nikasema. "Kitanda ni kikubwa, utaanguka."

"Huko kuna mtu," alisema.

Nikachukua mito yote iliyokuwepo, nikaipanga upande wa nje. Kisha nikagonga bati na kumwambia mume wangu aende pole pole kwenye kona.